Namna ya Kukipima Chama Kipya Kabla ya Kuchukua Kadi Yake

Mwongozo huu ni kwa mpigakura wa Moshi au Arusha ambaye amechoshwa na chama alichokipigia kura kwa miaka mingi, na ambaye sasa anavutwa na chama kingine chenye bendera ambayo bado haijapauka kwa jua. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siasa zetu tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992 zina mifano ya kutosha ya unyemi na ya kidonda pia. Sitamwambia mtu aende wapi. Nitaeleza mambo ya kuangalia kabla hajaamua.

Jambo la awali la kufahamu ni kwamba kwa Tanzania huwezi kulikwepa suala la chama. Katiba inamtaka mgombea urais na mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa Arusha, iliamua kwamba kuwazuia wagombea binafsi kunakiuka haki za raia. Sharti lenyewe bado lipo. Kwa hiyo aliyekasirika hana budi kuipitisha hasira yake katika chama fulani, na ndiyo maana inampasa akichunguze chama hicho kwa makini kuliko anavyochunguza maneno ya mgombea.

Anza kwa kuichambua hasira yako. Chukua karatasi, andika kilichokuudhi, kisha mbele ya kila jambo andika ni nani hasa mwenye mamlaka nalo. Ushuru wa soko na maeneo ya machinga ni mambo ya halmashauri, kwa hiyo anayehusika zaidi ni diwani. Ugawaji wa maeneo na migogoro ya mtaani huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Jina la mtu uliyempigia kura za maoni kukatwa na vikao vya juu ni suala la taratibu za ndani za chama, na hilo utalikuta katika vyama vingi, vipya kwa vikongwe. Lakini kama kinachokukera ni kwamba kura yako haionekani kuhesabika, basi tatizo lako ni zito zaidi. Mwaka 2010 waliojitokeza kupiga kura hawakufikia asilimia 43 ya walioandikishwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Tarehe 29 Oktoba 2025 uchaguzi mkuu ulifanyika bila CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, ambayo ilikuwa imekataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na matokeo rasmi yakampa Rais Samia Suluhu Hassan zaidi ya asilimia 97. Mwenye lalamiko la aina hii hatatibiwa na rangi mpya ya kadi, na anayemwahidi hivyo amuulize kwa upole atafanyaje.

Hatua inayofuata ni kukitenganisha chama na mtu wake maarufu, na kwa hili mkoa wa Kilimanjaro una somo lililo wazi. Mwaka 1995 Augustine Mrema, mwenyeji wa Vunjo aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, alitoka CCM, chama tawala, akagombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akapata takriban asilimia 28 ya kura, na chama chake kikanyakua majimbo 16. Mwaka 1999, baada ya migogoro ya uongozi, alihamia chama kingine, TLP. Ulipofika uchaguzi wa 2000, Mrema hakufikisha asilimia 8, na NCCR-Mageuzi ikaambulia jimbo moja. Nguvu kubwa iliyojengwa kwa miaka michache iligawanyika, na aliyebaki na kadi ya zamani na aliyechukua mpya wote wawili walipoteza. Mwaka 2015 Edward Lowassa wa Monduli, Waziri Mkuu wa zamani, alihamia CHADEMA, akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais, na Machi 2019 akarejea CCM. Wapo waliomfuata alipokwenda ambao hawakuweza kumfuata aliporudi.

Linganisha na jimbo la Moshi Mjini. Philemon Ndesamburo alilishika kwa CHADEMA tangu 2000 hadi 2015, na alipopumzika chama hicho kililitetea kwa mgombea mwingine. Hapo ndipo unapoona chama kilichoota mizizi nje ya mtu mmoja. Basi mbele ya wanaokushawishi uliza hivi: kiongozi huyu akiondoka kesho, ni watu gani wengine watatu katika kata yetu watakaobaki wakifanya kazi? Wakishindwa kuwataja kwa majina, umeshapata jibu.

Sasa omba katiba ya chama na uisome. Nafahamu kwamba wengi wataruka hatua hii, kwa kuwa katiba za vyama ni ndefu na zinachosha, lakini si lazima usome yote. Tafuta sehemu tatu: namna mwenyekiti anavyochaguliwa na anavyoweza kuondolewa, namna wagombea wanavyoteuliwa, na haki ya mwanachama anayetuhumiwa kabla hajafukuzwa. Kisha tazama kama yaliyoandikwa yanatendeka. Mwaka 2025 ACT-Wazalendo ilimpokea Luhaga Mpina kutoka CCM na kumteua kugombea urais ndani ya muda mfupi sana. Msajili wa Vyama vya Siasa akautengua uteuzi huo baada ya mwanachama wa chama hicho hicho kulalamika kwamba kanuni za ndani hazikufuatwa. Unaweza kumlaumu Msajili, unaweza kukilaumu chama, lakini funzo kwa mwanachama wa kawaida ni kwamba kanuni zinazopindishwa kwa ajili ya mgeni mashuhuri humpa mwingine panga la kumkatia mgeni huyo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni jinsi chama kinavyoishi na walioshindwa ndani yake. Chama ambacho hakijawahi kuwa na uchaguzi wa ndani wenye ushindani wa kweli bado hakijapimwa. Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe, mtu wa Hai aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA tangu 2004, kwa kura 513 dhidi ya 482, na Mbowe akayakubali matokeo. Hilo lilikuwa jambo adimu katika siasa zetu. Lakini miezi michache baadaye kundi la viongozi waandamizi, akiwamo Salum Mwalimu, lilitofautiana na msimamo wa chama kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi, likahamia CHAUMMA, ambayo hadi wakati huo wengi waliifahamu zaidi kwa ahadi ya ubwabwa ya mgombea wake wa urais, Hashim Rungwe. Ukiwa unaikaribia CHAUMMA au CHADEMA, swali la kuuliza ni lile lile: walioshindwa katika kikao cha mwisho wamepewa nafasi gani leo?

Baada ya karatasi, nenda tawini, na usiende siku ya mkutano wa hadhara, kwa sababu siku hiyo kila chama hupendeza. Nenda siku ya kazi, saa za asubuhi, iwe ni Pasua, Njoro, Ngarenaro au Sombetini. Angalia kama kuna mtu, kama kuna daftari la wanachama lenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu tofauti na tarehe tofauti, na kama ada unayolipa inakatiwa risiti. Daftari lote likiwa na mwandiko mmoja na tarehe moja, huenda lilijazwa usiku mmoja kwa ajili ya ukaguzi. Uliza pia chama kina usajili gani, kwa maana chenye usajili wa muda kinaruhusiwa kujitangaza na kutafuta wanachama lakini hakiwezi kusimamisha mgombea. Sheria ya 1992 ilipotungwa ilidai wanachama wasiopungua 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua 10, ikiwamo ya Unguja na Pemba, kabla ya usajili kamili. Masharti hayo huonyesha ni kazi kiasi gani inahitajika mikoani, mbali na kamera za Dar es Salaam.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Ruzuku ya serikali hufuata wabunge na kura, kwa hiyo chama kichanga huishi kwa mfuko wa mtu. Muulize katibu ni mfuko wa nani.

Usidanganywe pia na mifano ya nje inayotajwa vijiweni bila maelezo. Ni kweli kwamba Lesotho chama cha RFP kilianzishwa Machi 2022 na kufikia Oktoba mwaka huo kikawa kimeshinda viti 56 kati ya 120. Ni kweli pia kwamba Botswana muungano wa UDC ulikiondoa madarakani mwaka 2024 chama kilichotawala tangu 1966, lakini UDC iliundwa mwaka 2012 na ilishindwa chaguzi mbili kabla ya kufika huko. Afrika Kusini chama cha MK cha Jacob Zuma kilipata zaidi ya asilimia 14 miezi michache tu baada ya kutangazwa, kisha kikaanza kubadilisha makatibu wakuu mfululizo. Kupanda kwa haraka na kutulia ni mambo mawili yasiyofuatana sikuzote.

Ukiridhika na yote hayo, kabla ya kuchukua kadi jitolee kazi moja ndogo na uone chama kinavyoipokea. Kazi bora ni uwakala, yaani kukiwakilisha chama katika kituo cha kupigia kura. Katika chaguzi za 2019, 2020 na 2024 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa hoja za kasoro katika fomu za kugombea, kwa hiyo waambie pia unataka kujifunza ujazaji wa fomu, na uulize mafunzo yanatolewa lini na nani. Uliza nani atakaa katika kituo chako cha kupigia kura tangu kinapofunguliwa hadi kura zinapohesabiwa, nani atamletea chakula, na nakala ya fomu ya matokeo itapelekwa wapi usiku ule. Chama chenye majibu kitakuandikia jina lako na kukupa tarehe. Kile kinachokupa tisheti na kukuambia kwamba mambo ya mawakala yatashughulikiwa baadaye, kiache kwanza. Kura yako haihitaji kadi ya chama chochote, bali jina lako katika Daftari la Kudumu la Wapigakura, na unaweza kumpigia mgombea wa chama hicho huku ukiendelea kukichunguza.