Vihisi sitini, chaneli moja: hesabu ya kufanya kabla data haijapotea

Shamba la parachichi ninalolihudumia, nje kidogo ya mji wa Njombe, lina vihisi 60 vya unyevu wa udongo. Vyote vinatuma kwa LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, kwenye chaneli moja, kila kimoja kwa wakati wake, bila kusikiliza kama kingine kiko hewani. Mtindo huu ni ule wa ALOHA, mtandao wa redio ulioanza kazi Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971. Jumbe mbili zikigusana hata kidogo, hesabu kwamba zote zimepotea.

Hatua ya 1. Jua ujumbe mmoja unakaa hewani muda gani. Wangu wa baiti 33, kwa SF12 (mpangilio wa LoRa wa polepole unaofika mbali; SF7 ni wa haraka lakini hufika karibu) na upana wa chaneli wa kHz 125, unakaa sekunde 1.8.

Hatua ya 2. Tafuta mzigo wa chaneli, G: jumla ya muda wa hewani wa jumbe zote, gawanya kwa sekunde za kipindi. Nikituma kila dakika 5: 60 × 1.8 ÷ 300 = 0.36.

Hatua ya 3. Sehemu ya jumbe zitakazofika ni e^(−2G), ambapo e ni namba 2.718. Ile 2 inatokana na kwamba ujumbe wako unaweza kuharibiwa na uliotangulia ambao haujaisha, na pia na unaoanza kabla wako haujaisha. Kwa 0.36 zinafika 49 kwa mia.

Hapa ndipo nilipokosea. Msimamizi wa maji aliniuliza, "Kaka, mbona mistari ya bondeni iko kimya tangu jana?" Nikaviamuru vihisi vitume kila dakika 2. G ikapanda hadi 0.9, zikawa zinafika 17 tu kwa mia. Zidisha G kwa sehemu inayofika uone: mwanzo jumbe zilizofika salama zilichukua 0.175 ya muda wa chaneli, sasa 0.149. Tulituma mara mbili na nusu ya awali, tukapokea pungufu! Kilele cha ALOHA ni 1/(2e), yaani asilimia 18.4, G ikiwa 0.5. Ukikivuka, kila ujumbe unaoongeza unaharibu zaidi ya unachopata.

Hatua ya 4. Fupisha muda wa hewani. Kwa SF7 ujumbe uleule unakaa sekunde 0.072, kwa hiyo vihisi vilivyo karibu na mnara wa kupokea vihamishie huko. Vya bondeni, vinavyozibwa na kilima, viache SF12 vitume kila saa. Unyevu wa udongo haubadiliki kwa dakika 5.

Hatua ya 5. Ongeza sekunde chache za nasibu kabla ya kila utumaji. Vihisi vilivyowashwa pamoja hugongana pamoja, na fomula ya juu haikuokoi.

Kugawa muda katika vipande, kila ujumbe ukianza mwanzo wa kipande, hupandisha kilele hadi asilimia 36.8, ila kunadai saa zinazokwenda sawa, na za vihisi vya bei nafuu huteleza. Sikushauri uanzie huko.

Hatua ya 6. Kila ujumbe upe namba ya mfululizo, uhesabu zinazorukwa. Zikizidi sana upotevu unaotarajiwa kwa hesabu ya hatua ya 3, kagua betri na antena kwanza.