Kuandaa mashindano yasiyotoa mwanya wa udanganyifu

Katika mashindano ya ridhaa, mechi nyingi huharibika kabla mpira haujawekwa kati. Huharibiwa na kanuni zilizoandikwa usiku mmoja, fomu za usajili zinazopokelewa pembeni ya uwanja, na mwamuzi anayesubiri nauli yake kutoka mfukoni mwa timu mwenyeji. Hotuba za ufunguzi haziwezi kuziba mianya hiyo. Huzibwa mezani, na kamati ianze kazi angalau wiki sita kabla ya mechi ya kwanza.

Ratiba na namna ya kuzitenganisha timu zilizolingana

Waandaaji wengi hulipita jambo hili haraka, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu kanuni mbovu humnufaisha hata mchezaji mwaminifu asipojituma. Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón, kwenye Kombe la Dunia nchini Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikiwa na hesabu kamili, maana Algeria, iliyokuwa kundi moja nazo, ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla. Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, zote mbili zinapita na Algeria inatoka. Bao likapatikana mapema, na muda mwingi uliobaki ukaishia kwenye pasi zisizo na nia. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Nanyi fanyeni hivyo. Viwanja viwili, filimbi zilie pamoja, na kipindi cha pili pia kianze pamoja. Waamuzi wa akiba wapigiane simu kwanza. Kama mna kiwanja kimoja tu, chezeni mtoano tangu mwanzo. Liepukeni kundi la timu tatu: siku ya mwisho timu moja lazima ikae nje, na hizo mbili zinazocheza zinajua fika zinachohitaji.

Hata hivyo, kucheza kwa wakati mmoja hakutoshi. Kwenye Euro 2004, Denmark na Sweden zilijua kwamba sare ya 2-2 ingezipitisha zote mbili hata kama Italia, iliyokuwa kundi moja nazo, ingeshinda kwa mabao kumi, kwa kuwa kigezo cha kwanza kilikuwa matokeo ya timu zilizolingana zilipokutana zenyewe. Mechi ikaisha 2-2. Si lazima kuwe na njama ndipo tatizo lionekane: kanuni ndiyo iliyoacha mlango wazi. Kwa hiyo anzeni na tofauti ya mabao ya mechi zote za kundi, na hesabuni tofauti isiyozidi mabao matano kwa mechi moja. Ushindi wa 12-0 uhesabiwe sawa na wa 5-0, ili pasiwepo timu dhaifu ya kushawishiwa ifungwe kumi. Baada ya hapo yaje mabao ya kufunga, kisha matokeo ya kukutana, kisha nidhamu, na mwisho kura ya bahati nasibu.

Kwa nidhamu, kadi ya njano hukata pointi 1 ya nidhamu, nyekundu ya njano mbili pointi 3, nyekundu ya moja kwa moja pointi 4, na njano inayofuatwa na nyekundu ya moja kwa moja pointi 5. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 Japani iliipita Senegal kwa kigezo hiki, njano nne dhidi ya sita. Hii ina maana kwamba kadi moja iliyosahaulika kwenye ripoti inaweza kuitoa timu, kwa hiyo manahodha wote wawili wasaini orodha ya kadi kabla ya kuondoka uwanjani.

Wapinzani wa robo fainali nao wasijulikane mapema. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, jozi nne za wanawake kwenye badminton zilifukuzwa kwa kujaribu kushindwa makusudi ili zipate mpinzani nafuu. Dawa yake ni rahisi: timu zilizoshika nafasi ya pili zipangwe kwa kura, hadharani, baada ya makundi kwisha.

Usajili: vijeba (waliozidi umri) na mamluki (wasiosajiliwa kihalali)

Fungeni usajili siku 14 kabla, bila nyongeza, na bandikeni majina na picha mahali ambapo timu zote zitaona. Siku 5 zinazofuata ziwe za pingamizi. Pingamizi linalokuja baada ya mtu kufungwa huwa na harufu ya kisasi, na mara nyingi ushahidi wake huwa hafifu.

Mnapokagua cheti cha kuzaliwa, msikomee kwenye tarehe ya kuzaliwa. Angalieni tarehe ya kuandikishwa. Cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwa mtoto anayedaiwa kuwa na miaka 14 hakithibitishi udanganyifu, kwani watoto wengi huandikishwa wakiwa wamechelewa, lakini kinahitaji kuungwa mkono na karatasi iliyoandikwa kabla ya mpira kuingia kwenye hesabu: kadi ya kliniki, au ukurasa wa daftari la uandikishaji wa darasa la kwanza. FIFA hutumia kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili isiyotumia mionzi) cha kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Kipimo hicho hakitaji umri. Huonyesha tu kama mfupa umeshaungana. Msijaribu kukiiga kwa eksirei ya mtaani. Kumpiga mtoto mionzi kwa ajili ya kikombe ni kosa.

Siku ya mechi, wekeni meza dakika 45 kabla. Mchezaji aje mmoja mmoja, nahodha wa timu pinzani akiwa amesimama kando. Mkaguzi ashike kadi, picha ikimwelekea yeye, aulize jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha atazame uso, masikio na makovu, maana nywele hubadilika. Mchezaji halali hujibu bila kufikiri. Mamluki mara nyingi humwangalia meneja wake kwanza. Akibabaika, mpelekeni faraghani pamoja na mlezi au kiongozi wake. Asiaibishwe mbele ya watu, kwa sababu huenda ni woga tu. Ikithibitika, adhabu kali zaidi impate kiongozi aliyesaini fomu. Mtoto hakujisajili mwenyewe.

Waamuzi

Malipo yote ya waamuzi yatoke kwenye ada za timu zilizokusanywa kabla ya kuanza, na yalipwe na mweka hazina mmoja kwa saini. Mwamuzi asipokee chakula, nauli wala jezi kutoka kwa timu. Uteuzi utangazwe saa 24 kabla, si zaidi, na kila mwamuzi aandike kama ana ndugu au mwajiri kwenye timu yoyote. Kwenye Euro 2024, nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumfuata mwamuzi kuuliza uamuzi. Chukueni kanuni hiyo, na muitangaze kwenye kikao cha manahodha, si katikati ya zogo.

Kikao hicho hicho kimalize suala la mpira unaotolewa nje ili majeruhi atibiwe: nani anaurudisha, kwa namna gani, na wapi. Mwaka 1999 Arsenal iliifunga Sheffield United kwa mpira uliopaswa kurudishwa, na kocha Arsène Wenger akaomba mechi irudiwe. Ikarudiwa. Ninyi huenda hamna siku ya ziada.

Mtu akifuatwa auze mechi

Mara nyingi ombi la kwanza huwa dogo: habari za majeruhi, au kadi ya njano ya makusudi, baada ya zawadi au mkopo. Mfundisheni mchezaji hatua hizi kabla hajafuatwa:

1. Asikubali, asijadili bei, asijifanye mpelelezi.
2. Asifute ujumbe. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba na saa.
3. Aandike maneno aliyoambiwa, mahali na muda, siku hiyo hiyo.
4. Ampelekee msimamizi wa uadilifu, asiliweke kwenye kundi la timu. Habari ikisambaa, mhusika hujificha na mchezaji huwa hatarini.

Msimamizi huyo asiwe kiongozi wa timu yoyote, na namba yake iwe nyuma ya kadi ya kila mchezaji. Kanuni zenu ziseme wazi kwamba kunyamaza ni kosa, na kwamba mchezaji, kocha na mwamuzi hawaruhusiwi kubashiri mechi yoyote ya mashindano haya.

Kwa dawa za kuongeza nguvu, neno ni moja: mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua. Orodha ya dawa zilizopigwa marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, hufanyiwa mapitio angalau mara moja kwa mwaka, na orodha mpya huanza kutumika Januari 1. Virutubisho vya kopo ni mtego wa kawaida, maana lebo haitaji kila kilichomo.

Kesi na kumbukumbu

Kamati ya nidhamu iwe na watu 3 wasio na timu, isikilize pande zote ndani ya saa 48, na itoe uamuzi kwa maandishi, ikitaja kifungu kilichovunjwa. Ripoti ya mwamuzi iandikwe kwa kalamu, siku hiyo hiyo, ikieleza alichokiona: "namba 6 alimsukuma mwamuzi msaidizi kifuani kwa mikono miwili, dakika ya 71". Sentensi kama "alikosa nidhamu" huanguka kwenye rufaa. Fomu, ripoti na orodha za kadi zitunzwe hadi msimu unaofuata uishe, kwa kuwa kijeba wa mwaka huu hurudi mwaka ujao akiwa na cheti kingine na tarehe nyingine.