Kichaka usichokijua bustanini: kitambue kwanza, ndipo ukipogoe

Umerithi bustani, na pembeni pana kichaka kilichojiotea ovyo ambacho hakuna anayekijua jina. Mkasi uko mkononi. Tafadhali, usikate bado.

Hatua ya 1: Soma majani. Maua huja na kuondoka, majani yapo. Je, yametoka mawilimawili yakitazamana kwenye pingili moja (pale majani yanapotokea kwenye tawi), au yanapishana, moja huku, jingine kule? Yakiwa matatu pamoja kwenye pingili, marefu, membamba na magumu kama ngozi, shuku oleanda, ambayo ni sumu kuanzia ua hadi mzizi. Papasa na shina: likiwa na pembe nne na majani yake yananuka vikali, huenda ni lantana. Miiba kwenye kwapa za majani na "maua" mepesi kama karatasi? Hiyo ni bogenvilia. Zile karatasi za rangi ni majani. Ua lenyewe ni kijibomba kidogo kilicho katikati.

Piga picha jani pande zote mbili, pingili, gome na tunda. Programu za simu hukisia vizuri zaidi zikipewa vyote hivyo.

Hatua ya 2: Pima utomvu. Vaa glavu, vunja ncha ya tawi. Ukitoka mweupe kama maziwa, kinga macho yako kazi nzima: utomvu wa jamii ya mnyaa huumiza jicho vibaya. Na oleanda usiichome moto, hata moshi wake una sumu.

Hatua ya 3: Subiri kichanue. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Niliwahi kukinyoa kichaka kizuri wiki chache kabla ya maua. Msimu mzima kikanipa majani matupu. Tazama ua linatokea wapi. Likitoka kwenye tawi la msimu uliopita, lenye gome gumu, pogoa mara tu maua yanaponyauka. Likitoka kwenye chipukizi jipya, kama haibiskasi, pogoa kabla mmea haujaanza kuchipua kwa nguvu.

Hatua ya 4: Kata. Noa mkasi, ufute kwa spiriti. Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Hayo hayangoji msimu. Una shaka kama tawi ni hai? Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, liache, ukiona kahawia kavu, shuka chini ujaribu tena. Kisha ng'oa uzee kidogo kidogo, ukikata matawi machache makongwe pale shinani ili mwanga uingie katikati. Kwenye matawi mengine kata milimita 5 hivi juu ya jicho (kitumba cha chipukizi) linalotazama nje. Usizidishe theluthi ya kichaka kwa mwaka.

Majani yakiwa ya sindano au magamba, kata sehemu ya kijani tu, kwa sababu mimea mingi ya namna hiyo haichipui tena kwenye tawi tupu.

Kidonda usikipake rangi wala lami. Mmea hukifunga wenyewe.