Kupanda Uturuncu kwa Baiskeli

Uturuncu ni volkano ya kusini-magharibi mwa Bolivia yenye mita 6,008, yaani 113 zaidi ya Kilele cha Uhuru. Barabara ya zamani ya mgodi wa salfa inafika karibu mita 5,700, kwenye shingo iliyo kati ya vilele viwili. Kutoka hapo baiskeli inabaki, unamalizia kwa miguu.

Mji wa Uyuni, unapoanzia safari hii, uko karibu mita 3,700. Ukifika kwa ndege au basi kutoka chini, kaa hapo siku tatu au nne ukiendesha kidogo kidogo. Kisha shika njia ya San Cristóbal, Alota na Villamar hadi kijiji cha Quetena Chico, takriban mita 4,200. Mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Quetena, pumzika siku mbili. Siku ya pili panda bila mzigo hadi mita 4,800, halafu rudi ulale kijijini.

Kichwa kikiuma na chakula hakipiti, ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, usipande. Anayeyumba akitembea, au anayehema akiwa ameketi, lazima ashuke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Shida ya huku ni kwamba uwanda mzima uko juu: kushuka mita 1,000 ni safari ndefu ya gari. Kwa hiyo patana na dereva wa kijijini kabla hujaanza kupanda, na ulizia hapo hapo ada za hifadhi na sharti la kuwa na kiongozi.

Matairi yawe na upana wa inchi 2.4 au zaidi, maana mchanga wa volkano humeza matairi membamba. Kwenye mchanga punguza upepo hadi psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 au 20, ila mzigo ukiwa mzito usishuke sana: rimu itagonga jiwe na tyubu itakatwa matundu mawili sambamba. Barabara zenye matuta kama bati hulegeza skrubu za keria. Kila jioni zikaze moja moja kwa ufunguo, na beba nne za akiba. Skrubu ikidondoka bila wewe kujua, uzito wote unahamia kwenye zilizobaki, na keria inavunjika mbali na fundi yeyote.

Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharage sahau. Yatamaliza mafuta yako kabla hayajaiva. Beba shayiri ya uji, tambi nyembamba na kwinoa (nafaka ndogo ya huku) iliyolowekwa. Jiko la petroli linafaa kuliko la gesi, kwa kuwa mitungi midogo ya gesi ni adimu vijijini.

Uwe na uwezo wa kubeba lita 8 za maji. Usitegemee maziwa ya huku: mengi yana chumvi na madini ambayo chujio haliondoi. Chujio lenyewe lilale nawe ndani ya begi la kulalia. Likiganda hata mara moja, nyuzi zake za ndani huweza kupasuka lisichuje tena, ingawa kwa macho linaonekana zima. Chupa zilaze kichwa chini, kwani barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi.

Mei na Septemba ndiyo miezi tunayopendekeza. Juni na Julai usiku hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na Januari hadi Machi mvua hugeuza njia kuwa tope.

Siku ya kilele, mizigo ibaki Quetena. Ondoka saa kumi alfajiri na lita 3 za maji, jaketi la manyoya, glavu nene, miwani ya jua, taa, pampu na viraka. Gia ndogo kabisa haitatosha juu ya mita 5,200. Sukuma, hatua thelathini kisha pumzika. Karibu na shingo kuna matundu yanayotoa moshi wa salfa, usikae upande ambako upepo unaupeleka moshi huo. Ikifika saa sita mchana, popote ulipo, geuza: upepo wa alasiri ni mkali. Katika kushuka, simama kila vidole vinapokufa ganzi, kwa sababu mkono usiohisi breki hauwezi kuipima.