Seva nne za saa, si mbili: kunyoosha saa ya kompyuta Lubumbashi

Saa ya kompyuta huendeshwa na kipande cha kwatsi, fuwele inayotetema, na kwatsi haiendi sawasawa. Ikikosea sehemu 50 tu kwa milioni, kila siku inapotea zaidi ya sekunde 4. Umeme nao ukikatika huku betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, mashine inawaka ikidhani iko mwaka mwingine kabisa, na kivinjari kinakataa tovuti kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana bado havijaanza kutumika. Badilisha betri kwanza. Kazi ya kufuata saa sahihi mtandaoni ni ya NTP, itifaki ambayo kompyuta huitumia kuuliza seva saa ngapi.

Ukiweka seva moja, utameza chochote inachosema. Mbili hazisaidii: hii ikisema 10:00:00 na ile 10:00:07, kompyuta itajuaje mwongo ni nani? Tatu zinaleta wingi wa kura, ila moja ikizimika umerudi kwenye mbili. Kwa hiyo weka nne.

Tena ziwe za wenyewe tofauti. Tarehe 19 Novemba 2012, tick na tock, seva mbili za kituo cha kuchunguza nyota cha jeshi la majini la Marekani, zilitangaza mwaka 2000. Aliyetegemea hizo tu aliziona zinapatana.

Kwenye Debian, aina ya Linux, weka chrony, programu inayofanya kazi ya NTP:

sudo apt install chrony

Fungua /etc/chrony/chrony.conf, weka # mbele ya mstari unaoanza na pool, kisha andika:

server 0.africa.pool.ntp.org iburst
server 1.africa.pool.ntp.org iburst
server ptbtime1.ptb.de iburst
server time.nist.gov iburst
minsources 2

iburst huharakisha maulizo ya kwanza, na minsources 2 inataka angalau seva mbili zinazofaa kabla saa haijaguswa. Mstari wa makestep 1 3 uache ulivyo. Ndio unaoruhusu saa kuruka mara moja mashine inapowaka, badala ya kusogezwa taratibu. Usichanganye time.google.com na hizi: sekunde ya nyongeza (ile inayoongezwa mara chache kwenye saa ya dunia) ikiwekwa, yenyewe huigawa kidogo kidogo kwa saa 24, na wenzake wataiona imepotoka.

sudo systemctl restart chrony
chronyc sources

Subiri dakika chache, usome alama za mwanzo wa mstari. ^* ndiyo iliyochaguliwa, ^+ inachangia, ^x imegunduliwa kuwa inadanganya, ^? haitumiki, mara nyingi kwa sababu haijibu. Safu ya Reach ikifika 377, maulizo 8 ya mwisho yote yamejibiwa. Zote zikibaki ^? na Reach 0, angalia ruta: huenda imefunga UDP 123, mlango ambao NTP hupitia.

Kuna kosa moja ambalo hata seva kumi haziliponyi. NTP hudhani safari ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Ujumbe ukienda kwa milisekunde 300 na kurudi kwa 100, saa inakosea milisekunde 100, nusu ya tofauti. Seva zote zikipitia antena hiyohiyo ya paa, zitakosea pamoja na kupatana vizuri tu.

Saa ikiwa nyuma kwa saa moja kamili, usilaumu seva. NTP hubeba UTC, saa ya kimataifa, peke yake. Kompyuta imewekwa saa ya Kinshasa, UTC+1, wakati Lubumbashi, Bukavu na Goma ni UTC+2:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi