Unatumia vidonge au kijiti? Sema kabla hujapewa dawa nyingine

Dada zangu, ukiandikiwa dawa mpya, usiondoke dirishani kabla hujasema: "Natumia uzazi wa mpango." Wengi hatusemi, na mhudumu naye mara nyingi haulizi.

Rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hulifanya ini livunje homoni haraka kuliko kawaida. Unameza kidonge kila usiku saa ileile, hujaruka hata siku moja, na mimba inaingia. Kabamazepini na fenitoini za kifafa hufanya vivyo hivyo; efavirenzi, dawa ya VVU, nayo hudhoofisha kijiti. (Amoksilini haina shida hiyo.) Dawa ya ugonjwa usiiache hata kidogo, badili njia ya uzazi: kitanzi na sindano ya miezi 3 haviathiriwi, viulizie. Ukiwa kwenye rifampisini na hujabadili, tumia kondomu muda wote wa dozi na siku 28 baada ya kuimaliza.

Ukitapika ndani ya saa 3 tangu umeze kidonge, meza kingine. Hedhi ikichelewa, pima mapema, na mtu asikwambie ulikuwa mzembe.