Namna ya Kufika Maporomoko ya Engare Sero na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Kusini mwa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro, nchi ni kame, na mchana joto huweza kukaribia nyuzi 40. Hata hivyo, katika korongo lililokata ukuta wa Bonde la Ufa, hatua chache kutoka kijiji cha Engare Sero, mto wa maji matamu hushuka kutoka nyanda za juu na kuelekea ziwani, ambako maji ni ya magadi. Neno engare katika Kimaasai maana yake ni maji, na mtembezi anapaswa kulishika jina hilo tangu mwanzo, kwa kuwa maji ndiyo yatakayoamua kama safari itakuwepo.

Lala kijijini usiku wa kuamkia safari, ulipe ushuru unaotakiwa, kisha utafute mwenyeji wa kukuongoza. Kabla hamjaondoka, mwulize kama mvua imenyesha huko juu. Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mvua ya milimani huweza kuleta mafuriko ya ghafla korongoni wakati anga ya kijijini ni nyeupe kabisa. Akisita, ahirisha. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, inahitaji tahadhari zaidi.

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuta za korongo zingali na kivuli. Kila mtu abebe lita tatu za maji ya kunywa, kofia, chakula chepesi, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu vya ngozi havifai, maana mto huvukwa mara kadhaa. Vaa sandali zenye mkanda wa kisigino, au makatambuga ya matairi wanayovaa wenyeji, ambayo kwa maoni yangu hayana mshindani katika njia hii.

Mwendo ni wa saa moja hivi. Katika vivuko, peleka mguu mmoja kwanza, uhakikishe jiwe halitikisiki, ndipo uhamishe uzito. Mawe yenye ukijani huteleza sana. Mkiona maji yamebadilika kuwa ya tope, au vijiti na majani vinaelea kwa wingi, msisubiri kujadiliana: pandeni mahali pa juu mara moja, mkae huko mpaka mto utulie.

Mwisho wa njia, maji huporomoka kando ya mitende iliyoshika mwamba, na chini yake kuna kidimbwi cha kuogelea. Ingia taratibu, wala usiruke kutoka juu, kwani kina hakionekani. Sabuni isitumike kabisa: watu na mifugo wa kijijini hunywa mto huu huu. Ondokeni kabla ya saa nne, ili mtoke korongoni mawe hayajaanza kuchoma.